Grunwick: kiwanda cha London kilichojigeuza ngome

Ijumaa tarehe 20 Agosti mwaka 1976, katika eneo la Willesden, kaskazini magharibi mwa jiji la London, meneja wa kiwanda kimoja cha kusafisha picha alimfukuza kazi kijana aitwaye Devshi Bhudia, kwa madai kwamba alikuwa akifanya kazi polepole mno. Wenzake watatu wakatoka pamoja naye.

Jioni ya siku hiyo hiyo, mama mmoja mfupi wa kimo, aliyevaa sari, alikuwa amekwisha kufunga kazi yake tayari kwenda nyumbani alipoambiwa abaki kwa saa za ziada. Huyo alikuwa Bi Jayaben Desai. Alichukua koti lake, akamweleza meneja yaliyokuwa moyoni mwake, kisha akatoka na mwanawe Sunil, ambaye naye alikuwa akifanya kazi hapo.

Watu sita. Mgomo walioanzisha ulidumu karibu miaka miwili, ukawaleta mawaziri watatu wa serikali mbele ya lango la kiwanda, ukasababisha watu zaidi ya 500 kukamatwa na polisi, na ukaishia katika Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza.

Upande wa wagomaji umesimuliwa mara nyingi, katika vitabu, filamu na maonyesho. Upande unaosahaulika ni ule wa kampuni. Kwa nini kampuni ya wastani, yenye wafanyakazi wasiofika 500, iliamua kushindana na serikali, vyama vya wafanyakazi na shirika la posta kuliko kukaa meza moja na watu waliokuwa wakiifanyia kazi? Na iliwezaje kushinda?

Kutoka Moshi, Nairobi na Kampala

Kiini cha habari hii kiko Afrika Mashariki. Mwaka 1967 serikali ya Kenya ilipitisha sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara, zilizowabana wakaazi wasio raia. Maelfu ya watu wenye asili ya Bara Hindi, waliokuwa na pasipoti za Uingereza, walianza kufunga mizigo. Uingereza iliingiwa na hofu. Mapema mwaka 1968 bunge lake lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwawekea mipaka hata hao waliobeba pasipoti zake.

Nchini Tanzania lilikuja Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha. Nchini Uganda, mwezi Agosti mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Watu wapatao 28,000 kutoka Uganda waliingia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilidiriki hata kuweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije huko.

Bi Desai mwenyewe alizaliwa Gujarat, India, mwaka 1933. Baada ya kuolewa aliishi Tanganyika, na mwishoni mwa miaka ya 1960 familia yake ikahamia Uingereza. Alianza na kazi ya cherehani, na mwaka 1974 akaajiriwa Grunwick.

Wengi wa waliofanya kazi naye walikuwa na historia inayofanana na hiyo. Huko walikotoka walikuwa wake wa wenye maduka, wa makarani na wa walimu. Wapo waliokuwa na mpishi na yaya nyumbani. Katika London ya baridi walijikuta wakifungua bahasha za wateja kwa mshahara wa pauni 28 kwa wiki ya saa 40, wakati ambapo mwanamke aliyefanya kazi ya mikono mjini humo alipata kwa wastani pauni 44.

Kwa mwajiri, watu wa aina hiyo walikuwa bahati kubwa. Walijua kusoma na kuandika Kiingereza, walikuwa makini na kazi, walikuwa na kodi ya kulipa na watoto wa kusomesha, na milango mingine ilikuwa imefungwa mbele yao. Inakadiriwa kwamba asilimia 80 ya wafanyakazi wa Grunwick walikuwa wa asili ya Asia, na asilimia 10 wa asili ya Karibiani. Uongozi ulidhani kwamba mtu asiye na pa kwenda atakuwa mtiifu siku zote. Hesabu hiyo ya utiifu ndiyo iliyokuja kuwakosea.

Kampuni iliyoishi kwa posta

Grunwick ilianzishwa mwaka 1965 na watu watatu, Grundy, Ward na Hickey, na jina lake lilitokana na vipande vya majina yao. Mkurugenzi wake, Bwana George Ward, naye alizaliwa India, mjini New Delhi, katika familia yenye damu ya Kihindi na ya Kiingereza. Alikulia katika shida, akafika Uingereza akiwa kijana, na akajijenga kwa jasho lake. Ni vyema jambo hilo likumbukwe. Ugomvi huu haukuwa wa Mwingereza tajiri na wahamiaji maskini, bali wa wahamiaji wa aina mbili, na mmoja wao aliamini kwamba kila alichopata alikipata bila kusaidiwa na chama chochote.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Zama hizo ili mtu aone picha alizopiga ilibidi mkanda usafishwe na picha zichapishwe. Badala ya kwenda dukani, mteja wa Grunwick aliutia mkanda wake katika bahasha pamoja na malipo, akautuma kwa posta, na baada ya siku chache akaletewa picha zake mlangoni. Bei ilikuwa nafuu kuliko ya maduka. Ushindani ulikuwa wa bei na haraka tu.

Mfumo huo ulikuwa na udhaifu mara mbili. Kwanza, kazi yote ilirundikana majira ya joto, watu warudipo kutoka likizoni, kwa hiyo ilipofika Julai na Agosti saa za ziada zilikuwa za lazima na mara nyingi ziliarifiwa dakika za mwisho. Pili, bila posta kampuni ilikuwa haina njia ya kuvuta pumzi.

Majira ya joto ya mwaka 1976 yalikuwa makali kuliko ya kawaida, nchi nzima ikiwa katika ukame. Katika idara ya barua wafanyakazi walikaa kwa safu huku meneja akiwatazama kutoka ofisi yenye kuta za vioo. Baadaye walieleza jinsi ilivyowapasa kuomba ruhusa kwenda chooni, na jinsi mwanamke mtu mzima, mwenye wajukuu pengine, alivyoona haya kumwomba ruhusa hiyo kijana wa kiume.

Jioni ile ya Agosti, Bi Desai alimwambia meneja wake kwamba anachokiendesha si kiwanda bali ni bustani ya wanyama. Na katika bustani hiyo wamo nyani wa kuchezeshwa, lakini wamo pia simba. Maneno hayo yamekumbukwa kuliko hotuba zote zilizotolewa katika mgomo ule. Hayakutaja mshahara.

Hilo si jambo geni kwa msikilizaji wa Tanzania. Miaka mitano tu kabla, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno na ubabe wa viongozi, na kilichofuata ni wimbi la migomo katika viwanda vya Dar es Salaam ambayo mara nyingi ilihusu matusi na dharau za mameneja kuliko fedha. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, wafanyakazi walifika hatua ya kumfungia nje mwenye kiwanda. Waliotoka Tanzania kabla ya hapo hawakuyashuhudia hayo, lakini kidonda kilikuwa kile kile.

Barua moja kwa watu 137

Waliotoka hawakuwa na chama. Waliambiwa na ofisi ya ushauri kwa raia wawasiliane na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUC, na hilo likawaelekeza kwa chama cha makarani kilichoitwa APEX. Kufikia wakati huo waliogoma walikuwa 137.

APEX iliiomba kampuni mazungumzo. Mwanzoni mwa Septemba, Grunwick ilijibu kwa kuwafukuza wote 137 kwa mpigo.

Uamuzi huo ulionekana wa hasira, lakini ulikuwa na hesabu ndani yake. Kwa sheria ya wakati ule, mwajiri aliyewafukuza baadhi ya wagomaji na kuwabakiza wengine angeweza kushitakiwa kwa uonevu. Aliyewafukuza wote kwa pamoja hakuulizwa kitu, kwani baraza la kazi halikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi yao. Kwa maneno mengine, kadiri mwajiri alivyofukuza wengi, ndivyo alivyokuwa salama zaidi.

Kisha kampuni ikafanya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linashangaza. Mwezi Novemba iliwapandishia mshahara waliobaki ndani kwa asilimia 15, na mwezi Aprili mwaka uliofuata ikaongeza asilimia 10 nyingine.

Huko kulikuwa kukiri bila kusema. Fedha za kuongeza zilikuwepo, na mgomo ndio uliozitoa. Lakini nyongeza iliyotolewa na mwajiri kwa hiari yake inaweza kusimamishwa kwa hiari yake. Nyongeza iliyopatikana kwa makubaliano na chama huwa ni haki. Kampuni ilikuwa tayari kulipa gharama kubwa ili isiitoe haki hiyo. Kila shinikizo lilipoongezeka, ilitoa kitu kingine chochote isipokuwa kile kilichoombwa.

Tarehe 1 Novemba chama cha wafanyakazi wa posta kiliamua kutogusa barua za Grunwick. Pigo hilo lililenga penyewe. Lakini shirika lililoitwa National Association for Freedom, lililoundwa mwaka 1975 kupinga nguvu za vyama vya wafanyakazi, lilisimama upande wa kampuni na kutishia kwenda mahakamani, kwa hoja kwamba kuzuia barua ni kosa la jinai. Baada ya siku nne tu mgomo wa barua ulisitishwa, kwa sharti kwamba Grunwick itashirikiana na ACAS, taasisi ya umma ya usuluhishi kazini.

Orodha ya majina isiyotolewa

Chini ya sheria ya mwaka 1975, ACAS ilipaswa kuwauliza wafanyakazi kama wanataka chama, kisha kutoa pendekezo. Iliwauliza wagomaji, ambao majina yao ilikuwa nayo. Ilipotaka kuwauliza waliokuwa ndani, Bwana Ward alikataa kutoa majina na anwani zao.

ACAS iliendelea bila ya majina hayo. Mwezi Machi mwaka 1977 ilipendekeza kwamba Grunwick ikitambue chama cha APEX.

Kampuni ikaenda mahakamani kudai kwamba pendekezo hilo ni batili, kwa kuwa theluthi mbili ya wafanyakazi hawakuulizwa. Hawakuulizwa kwa sababu kampuni yenyewe iliyaficha majina yao! Mahakama Kuu haikukubaliana na dai hilo. Lakini Mahakama ya Rufaa, chini ya Lodi Denning, ilikubaliana nalo mwishoni mwa Julai, na tarehe 14 Desemba 1977 Baraza la Malodi likaweka muhuri wa mwisho: sheria imeilazimisha ACAS kuwauliza wafanyakazi wote, na hakuna kifungu kinachosema nini kifanyike mwajiri akikataa kusaidia.

Ni haki kuieleza na hoja ya Bwana Ward. Alisema waliobaki ndani walikuwa wengi kuliko waliotoka, na hakuna aliyewafunga minyororo. Kura ya maoni iliyoagizwa na kampuni ilionyesha kwamba wengi mno kati yao hawakutaka chama. Alisema uhuru wa mtu kutojiunga na chama ni sawa na uhuru wa mwingine kujiunga. Waingereza wengi wa tabaka la kati, waliochoshwa na migomo ya miaka ile, walimwona shujaa. Pamoja na hayo, kura inayopigwa baada ya watu 137 kufukuzwa na waliobaki kuongezwa mshahara ni vigumu kuihesabu kuwa kura ya watu walio huru na woga.

Mwaka huo huo Bwana Ward alichapisha kitabu chake kuhusu mgogoro huo na kukiita Fort Grunwick. Ngome ya Grunwick. Jina hilo linaeleza mengi. Ndivyo kampuni ilivyokuwa imejiona: mahali palipozingirwa, ambapo anayegonga mlango ni adui hata kama jana alikuwa akifanya kazi ndani.

Kiangazi cha mwaka 1977

Hadi hapo magazeti yalikuwa hayajaushughulikia sana mgomo huo. Mwezi Mei mawaziri watatu wa serikali ya chama cha Labour, Shirley Williams, Denis Howell na Fred Mulley, walikwenda kusimama na wagomaji langoni. Kisha tarehe 13 Juni wagomaji waliwaita wafanyakazi wa nchi nzima waje kujaza barabara za Chapter Road na Cobbold Road, ili basi lililokuwa likiwaleta wafanyakazi lisipite. Siku ya kwanza peke yake walikamatwa watu 84.

Waliitikia kwa maelfu. Wachimba makaa ya mawe walikuja kutoka Yorkshire wakiongozwa na Arthur Scargill. Walikuja wafanyakazi wa bandari za London, wale wale ambao wenzao mwezi Aprili mwaka 1968 waliandamana hadi bungeni kumuunga mkono mwanasiasa Enoch Powell aliyetaka wahamiaji wazuiwe. Safari hii bango lao lilikuwa mbele ya kiwanda, wakiwatetea akina mama waliovaa sari. Tarehe 11 Julai walikusanyika watu wapatao 20,000.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Mwaka 1974, katika kiwanda cha taipureta cha Imperial mjini Leicester, wafanyakazi wa asili ya Asia, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, waligoma kupinga kupunjwa marupurupu. Chama chao wenyewe kiliwakana. Mgomo ulidumu karibu miezi mitatu, na mwaka uliofuata wenye kiwanda wakakifunga. Kati ya Leicester na Willesden ilikuwa imepita miaka miwili tu.

Huko Cricklewood, ofisi ya posta iliyohudumia kiwanda, wafanyakazi wa kawaida walizuia tena barua za Grunwick mwezi Juni, safari hii bila idhini ya viongozi wao. Magunia yalirundikana. Usiku mmoja mwanzoni mwa Julai, watu wa National Association for Freedom waliingiza malori kiwandani, wakapakia magunia, wakayasambaza na kuyatia katika masanduku ya posta sehemu mbalimbali za nchi. Hivyo kampuni ikaokoka.

Wakati huo serikali ilikuwa imemteua jaji Lodi Scarman kuongoza uchunguzi. Ripoti yake ya mwezi Agosti iliwalaumu walioandamana kwa fujo, lakini ikaeleza pia kwamba kampuni, ingawa iliyafuata maneno ya sheria, haikuifuata dhamira yake. Alipendekeza wagomaji warudishwe kazini panapowezekana, na chama kitambuliwe. Mapendekezo ya Scarman hayakuwa amri. Bwana Ward aliyakataa.

Asali kwenye kiwiko

Kushindwa kwa wagomaji kulitoka pande mbili, na upande wa pili unauma zaidi. Wakuu wa TUC na wa APEX waliogopa. Serikali ya Labour ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja bungeni, na picha za polisi wakipigana na waandamanaji zilikuwa zikionyeshwa kila jioni katika televisheni. Taasisi hizo nazo, kama ilivyo kampuni, zilikuwa na jengo, fedha na jina la kulinda. Walianza kuwashauri wagomaji wapunguze watu langoni na kungoja sheria ifanye kazi.

Tarehe 7 Novemba 1977 kulikuwa na mkusanyiko mkubwa wa mwisho, na watu zaidi ya 240 walijeruhiwa. Wiki mbili baadaye Bi Desai na wenzake watatu walianza kugoma kula. Hawakukaa mbele ya kiwanda. Walikaa mbele ya makao makuu ya TUC, katikati ya London. APEX iliwajibu kwa kuwasimamisha uanachama na kuwanyima posho ya mgomo. Msaada wa TUC, alisema Bi Desai, ni kama asali iliyopakwa kwenye kiwiko: unaiona, unainusa, lakini ulimi haufiki.

Tarehe 14 Julai 1978 mgomo ulimalizwa. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa kazini.

Waliobaki Grunwick walipata mishahara mizuri kuliko ile ya mwaka 1976, na Bi Desai alikuwa akisema kwa fahari kwamba hali yao iliboreka kwa sababu ya waliotoka. Yeye mwenyewe aliendelea na maisha, akafundisha ushonaji, na alifariki dunia mwezi Desemba mwaka 2010. Bwana Ward alifariki mwaka 2012. Mwaka 2016 kipindi cha Woman's Hour cha redio ya BBC kilimtaja Bi Desai miongoni mwa wanawake saba walioathiri zaidi maisha ya wanawake wa Uingereza katika miaka 70, orodha moja na Margaret Thatcher.

Bi Thatcher, kwa upande wake, alikuwa amejifunza mengi Willesden. Sheria ya mwaka 1980 ya serikali yake iliufuta utaratibu wa ACAS ulioshindwa pale Grunwick, na kuwazuia watu wa sehemu nyingine kusimama kwenye lango la kiwanda kisicho chao. Mwongozo ulioambatana nayo ulishauri wanaosimama langoni wasizidi sita. Idadi ile ile ya waliotoka siku ile ya Agosti.

Matokeo yake yalionekana tarehe 10 Agosti 2005, katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Kampuni ya Gate Gourmet, iliyopika chakula cha ndege za British Airways, iliwafukuza watu wapatao 670, wengi wao akina mama wa asili ya Asia. Wafanyakazi wa British Airways waliacha kazi kuwaunga mkono, na abiria zaidi ya 100,000 wakakwama. Kilichokuwa mshikamano mwaka 1977 sasa kilikuwa ni kuvunja sheria, na siku iliyofuata walikuwa wakirudi kazini.

Pengo la orodha ya majina ndilo lililozibwa. Sheria ya mwaka 1999, iliyopitishwa chini ya serikali ya Tony Blair, iliurudisha utaratibu wa kura, na safari hii ikamlazimisha mwajiri kutoa majina na anwani za wafanyakazi. Akikataa, chama kinaweza kutambuliwa bila ya kura.

Utaratibu huo ndio uliotumika mwezi Julai mwaka 2024 mjini Coventry, kwenye ghala la kampuni ya Amazon, ambalo miongoni mwa wafanyakazi wake wamo wahamiaji kutoka nchi nyingi. Chama kilichoomba kutambuliwa kilikuwa GMB, ambacho APEX ilijiunga nacho mwaka 1989. Kampuni ilisema inapendelea kuzungumza na wafanyakazi wake moja kwa moja, na katika kipindi cha mzozo huo ilipandisha kima cha chini cha mshahara zaidi ya mara moja. Majina yalitolewa na kura zikapigwa. Waliotaka chama walikuwa asilimia 49.5. Zilipungua kura 28.